Minyoo wa Bahari Tuliowachora Kilosa

Siku ya kwanza kazini nilifika na jembe langu. Kituo cha utafiti wa kilimo, nje kidogo ya mji wa Kilosa, kilikuwa kinatafuta kibarua, na mimi, kijana wa Msowero niliyeishia darasa la nane, sikujua kibarua mwingine zaidi ya yule wa jembe. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Karani alinipeleka chumba cha mwisho, akaniambia jembe nilisimamishe nje. Ndani nilimkuta mama wa makamo, Mzungu, ambaye kituo kizima kilimwita Daktari. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba sawasawa, kisha akanisogeza kwenye hadubini, kile chombo cha kukuza vitu vidogo. Nikachungulia, nikasema naona uzi unacheza.

"Huo uzi una mdomo, una utumbo, na tumboni una mayai," akasema. "Karibu kazini."

Minyoo duara si nyungunyungu mnaowaona shambani baada ya mvua. Hawana pingili. Ni mviringo kama uzi, wamechongoka huku na huku, na wengi ni wadogo kiasi kwamba bila hadubini utaapa kuwa maji ni matupu. Serikali ilimweka Daktari Kilosa kwa ajili ya minyoo wanaokula mizizi ya pamba na nyanya, na kazi hiyo tuliifanya kila asubuhi kwa uaminifu. Lakini kabla ya kuletwa bara alikuwa amefanya kazi pwani, na moyo wake ulibaki kwenye tope la bahari. Alasiri ilikuwa ya minyoo wa bahari. Chupa za tope lililotiwa dawa ya kuzuia kuoza zilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, nami nilizifuata stesheni na mkokoteni. Wapagazi walinicheka hadharani. Tope limejaa mtoni Mkondoa hapo, walisema, wewe unaliagiza Dar es Salaam?

Mchoraji wetu alikuwa Tabia. Baba yake alikuja na reli kutoka Tabora, akaoa na kuzikwa Kilosa. Tabia alikuwa na mkono mtulivu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na ulimi usiotulia hata kidogo. Juu ya hadubini yake kulikuwa na kioo cha kuchorea, kinachokufanya umwone mnyoo na ncha ya kalamu yako kwa pamoja, kana kwamba mnyoo amelala juu ya karatasi. Alichora kwa wino mweusi. Kivuli hakupaka; alikidonoa kwa vitone, kimoja kimoja, huku akiwasema watu.

Kutambulisha spishi mpya, yaani aina ambayo haijawahi kupewa jina, kulikwenda hivi. Kama tope halikuja limechujwa, mimi nililipitisha kwenye chekeche laini, kisha nikawaokota minyoo waliobaki. Aliye hai tulimwua kwa joto la polepole, maana ukimwunguza ghafla anajikunja na hapimiki. Kisha nilimlaza kwenye gliserini, nikamfunika kwa kioo na kuziba pembeni kwa nta. Daktari alipima kichwa, koo na mkia, akalinganisha na vitabu vyake vyote. Zaidi ya yote alitafuta dume. Karibu na mkia wa dume kuna vijiti viwili vilivyopinda kama mundu, anavyovitumia kumpanda jike, na umbo la vijiti hivyo ndilo linalotenga ndugu na ndugu. Bila dume Daktari hakutoa jina.

Kumwokota mnyoo kulitaka ncha nyembamba kuliko sindano. Daktari alinipa unywele wa ngiri uliogundishwa kwenye kijiti. Nilimweleza kwa adabu kwamba mimi ni Mwislamu na ngiri kwetu ni nguruwe tu wa porini. Hakubishana. Tulijaribu mwiba, tukajaribu unyuzi wa katani, vyote vikawatoboa. Siku moja Tabia aling'oa ukope wake mwenyewe, akaugundisha kwenye njiti ya kibiriti na kuniwekea mezani. Ulifaa kupita kiasi. Tangu hapo kila ukope ulipochakaa nilimwomba mwingine, naye alinitania kwamba nitamwacha macho wazi kama samaki.

Vijiji vya ujamaa vilipoanza tuliletewa Mkuu wa Kituo mpya, mtu wa Mamboya, mcheshi, lakini kwenye kazi hana mchezo. Alikagua vyumba vyote, akafika kwetu na kushika chupa ya tope la bahari.

"Daktari," akasema, "Kilosa haina bahari."

Alimwambia kwamba vijiji vinahitaji ghala la mbegu, na chumba chetu ni kikavu na kina dari. Minyoo wa pamba wataendelea katika chumba kidogo cha mbele. Mchoraji hatahitajika, Tabia atahamishiwa Dumila, akaandike stakabadhi za mahindi. Sikumwona mwovu. Alikuwa na watu wa kulisha. Tabia alinawa wino mikononi siku ile, akazifunga kalamu zake kwenye kitambaa, nami nikajua ameumia.

Sasa, Daktari alikuwa amesikia habari za chemchemi ya chumvi porini upande wa Mikumi, ambako nyati na tembo huenda kulamba ardhi. Tulikwenda kwa Landrova ya kituo, na askari wa wanyamapori mwenye bunduki akasimama nyuma yetu tukichota tope kwenye nyayo za tembo. Tuliporudi Daktari alichungulia mara moja, akaegemea kiti, akaanza kucheka peke yake. Mnyoo yule alikuwa wa ukoo ambao ndugu zake wote aliowajua huishi baharini. Wa bahari, katikati ya pori, na hakuna kitabu kilichomtaja.

Mkuu wa Kituo aliitwa akachungulia naye. Mtu wa bara akionyeshwa kitu cha kwao hawezi kukidharau. Akasema huyu akithibitika kuwa mpya, wa Mikumi, wa Tanzania, atakwenda mwenyewe wizarani kuombea chumba na mchoraji wake. Lakini mbegu zinafika kabla ya masika. Asingeweza kungoja zaidi.

Tulirudi Mikumi tena na tena. Kila mnyoo alikuwa jike. Mkuu alipita mlangoni akauliza habari, nikamweleza. Akatikisa kichwa na kusema hata ujamaa haujafikia kijiji cha wanawake watupu.

Kosa lilikuwa letu sote, na lilitokana na tabia njema. Maji yalikuwa ya shida kiangazi kile, kwa hiyo maji yaliyopita kwenye chekeche hatukuyamwaga ovyo. Niliyamwagia mchicha wa Tabia nyuma ya jengo. Asubuhi moja alinikuta nimebeba ndoo, akanizuia kwa kiganja kifuani.

"We mtu wa Msowero," akasema, "mchicha umekuwa njano wote kwa chumvi yako. Weka ndoo chini. Mboga zangu hazijakukosea."

Niliiweka chini. Tukabishana pale, Daktari akatoka kutusikiliza huku akitabasamu. Kisha tabasamu likakatika. Akatazama ndoo. Akauliza chekeche lile lilitengenezwa kwa ajili ya minyoo gani, nikamjibu, wa pamba.

"Lete ndoo," akasema.

Tope la bahari lilikuja limechujwa pwani. Hili la Mikumi tulilichuja wenyewe, kwa chekeche la minyoo wanene wa pamba. Madume yalikuwa membamba, yakapita. Tulikuwa tumenywesha mchicha madume. Kwenye mashapo ya ndoo ile alikuwamo mmoja tu mzima. Nilimwinua kwa ukope wa Tabia nikiwa nimebana pumzi, na Tabia naye ameibana. Tulipompasha joto mnyoo alikufa amenyooka, mkia tu umepinda, na vile vimundu viwili vikaonekana vizuri. Tabia alimchora siku kadhaa bila kumsema mtu.

Mkuu alikwenda wizarani kama alivyoahidi. Chumba kikabaki, na Tabia akabaki. Daktari alitaka mnyoo aitwe kwa jina la Tabia.

"Nikiwa mnyoo, Daktari, mchumba atanikimbia," Tabia akasema.

"Hakimbii," nikasema mimi.

Mnyoo alipewa jina la Mikumi. Tabia nilimwoa baada ya mavuno.

Nilistaafu kituoni hapo hapo. Spishi tulizozitambulisha hazikumshibisha mtu, na sitawadanganya kwamba zilimshibisha. Lakini nilikwenda kazini kwa furaha maisha yangu yote, na si watu wengi wa kijijini kwetu wanaoweza kusema hivyo.

Mwaka jana mwalimu kijana wa chuo alikuja kutusalimu. Alitueleza kwamba kile kioo chenye dume wetu, kilichopelekwa kuhifadhiwa Ulaya, kiliingia ufa, gliserini ikakauka, na mnyoo ameharibika kabisa. Chemchemi nayo alikuwa bado hajaipata. Anayetaka kumjua mnyoo yule leo, alisema, anautazama mchoro wa Bibi Tabia.

Tabia alikuwa kitandani tayari kwa ugonjwa.

"Basi nashukuru," akasema, "mkia sikuukosea."

Tulimzika kabla ya masika.