Kidole cha Mjomba Shikuku

Harufu ya majani ya muwa yanayoungua hunirudisha, kila nikiinusa, kwenye ukumbi wa kiwanda cha sukari: mchana wa Jumamosi, madirisha yamezibwa kwa magunia, mashine ya sinema ikikoroma kama ng'ombe mwenye mafua. Enzi hizo sukari ilikuwa imenoga hata watu walipanda miwa mpaka mlangoni pa nyumba. Nilikuwa na umri wa miaka kumi.

Filamu ilikuwa ya majambazi wa Kijapani, na damu haikupimwa. Jambazi mmoja, aliyemkosea mkuu wa genge, alikata kidole chake mwenyewe cha mwisho na kukitoa kiwe ombi la radhi. Kesho yake mwalimu wa dini, ambaye hakuiona, aliilaani kanisani. Wakata miwa, walioiona, walikuwa wahakiki wakali zaidi. "Yule hajui kushika kisu," walisema. "Shambani kwetu hangefika saa nne."

Mimi nami nilikuwa na uhakiki wangu. Mjomba Shikuku, ndugu mdogo wa mama na mkata miwa hodari, hakuwa na kidole cha mwisho mkono wa kushoto. Shuleni niliwatangazia wenzangu kwamba sasa sababu naijua, nikawasimulia kisu, jasho, hata mlio wa mfupa. Kufikia Alhamisi uvumi ulikuwa umevuka hadi kijiji jirani cha Lubao, na Lubao nzima iliamini kwamba Mjomba ni jambazi aliyetubu. Na Lubao ndiko alikokuwa aende kuposa Jumamosi iliyofuata.

Tulikwenda hivyo hivyo, mimi nimekumbatia jogoo wa zawadi. Baba wa binti, Mzee Lumbasi, alitupokea ameketi, kofia magotini, mkono wa kushoto chini ya kofia.

"Kijana, nasikia kidole hicho ulikitoa kwa bwana wako wa ujambazi."

Mjomba aliujua fika mdomo uliozaa uvumi ule. Alinitazama, kisha akatazama sakafu. "Kilikatwa na panga, mzee, nikikata muwa. Waliosema vingine, sina neno nao."

"Lakini yuko aliyesema."

"Hata akiwepo, mzee."

"Ni mimi, kuka," nikasema, kama tunavyowaita babu zetu. "Niliona kwenye sinema."

"Uliona kisu kikikata kidole?"

Msomaji wangu, kisu kilipoinuliwa nilikuwa nimefumba macho. Mengine yote niliyatoa katika mayowe ya waliokaa nyuma yangu.

"Sikuona, kuka."

Mzee aliondoa kofia. Mkono ule ulikuwa na vidole vitatu. "Nilikata miwa upande wa Kisumu kabla huyu hajazaliwa. Ikiwa yeye kwa kidole kimoja ni jambazi, basi mimi ndiye mkuu wa genge!"

Jikoni wanawake waliangua kicheko, jogoo akanichoropoka, na watu wa koo zote mbili wakamkimbiza pamoja uani hadi akakamatwa. Alipopikwa, firigisi, ambayo kwetu hupewa mwanamume wa heshima, iliwekwa mbele ya Mjomba.

Tangu hapo nimesoma wataalamu wengi wakibishana iwapo filamu za namna ile ni sanaa au ukatili mtupu. Kila mmoja ningependa kumuuliza kama macho yake yalikuwa wazi. Lakini jambo nililochelewa kulielewa ni jingine. Mkono uliofichwa chini ya kofia haukuhitaji shahidi. Mzee aliujua ukweli kabla hatujaketi. Alitaka kuona tu kama Mjomba angenitoa mimi ili ajiokoe yeye. Angenitaja, nadhani tungerudi nyumbani na jogoo wetu.