Misuli ya Mapaja

Fundi huyu wa nguo wanamwita Mama Pindo, kwa sababu kwa miaka thelathini hakuna sketi iliyotoka mikononi mwake ikiwa imepanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Siri yake haikuwa cherehani. Siri ilikuwa kuchuchumaa. Mteja anasimama, Mama Pindo anachuchumaa miguuni pake na pini sita mdomoni, anabana, anainuka, anarudi nyuma kutazama, anachuchumaa tena. Anamzunguka hivyo kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mwaka aliotimiza hamsini na saba alichuchumaa mbele ya mwalimu mkuu wa shule ya jirani, na hakuinuka. Hakusikia maumivu yoyote. Mapaja tu yaligoma, kama punda aliyekwisha kuamua. Akashika kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa goti la mwalimu mkuu.

"Fundi," mwalimu mkuu akasema kwa upole, "unaniomba msamaha au unanichumbia?"

Kwa pini zile mdomoni, hakuweza hata kujitetea.

Aliyemwinua kwa makwapa ni mdogo wake, mwenzake wa dukani, ambaye kwa kuwa kazi yake ni kushona vifungo wanamwita hivyo hivyo, Vifungo. Mteja alipoondoka, Vifungo hakupoteza muda.

"Dada, hamia kwenye vifungo. Mapindo nitapima mimi."

"Wewe? Pindo lako la mwisho lilikuwa na milima na mabonde."

"Heri milima kuliko fundi anayening'inia kwenye miguu ya watu."

Wakabishana mpaka wakaafikiana. Baada ya miezi minne wangepima magauni ya kwaya ya akina mama, waimbaji ishirini na wawili. Mama Pindo akishindwa kuinuka hata mara moja, meza ya vifungo itakuwa yake mpaka mwisho. Kwake yeye, kushona vifungo ilikuwa kazi ya kungojea kifo ukiwa umekaa.

Akaenda kliniki. Mtaalamu wa viungo, dada mmoja mwenye kalamu sikioni, alimuuliza hedhi ilikoma lini.

"Miaka sita sasa. Iliondoka bila kuaga, na mimi sikuisindikiza."

"Basi ilipoondoka haikwenda mikono mitupu, mama. Homoni zikishuka, misuli nayo hupungua haraka zaidi, na mifupa hudhoofika."

"Lakini natembea kuja kazini kila siku."

"Kutembea kuna faida yake, usiache. Ila misuli haijengwi kwa matembezi peke yake. Inataka mzigo. Uzuri wake haiulizi umri, ukiibebesha itaongezeka hata ukiwa na themanini. Na ule maharage na mayai, usiishi kwa chai."

Akamwonyesha namna ya kukaa kitini na kuinuka bila kujishika, akamwandikia karatasi: *Misuli ya mapaja. 10 × 3. Anza nyepesi, ongeza uzito polepole. Siku tatu.*

Mama Pindo alipita dukani, akaichomeka karatasi kwenye msumari wa oda, maana katika chumba kile kila karatasi huchomekwa hapo, akaenda zake nyumbani kupumzika.

Asubuhi ya pili alimkuta Vifungo amezama kwenye vitambaa mpaka kifuani, macho mekundu.

"Dada, huyu mteja ni nani? Misuli thelathini kwa siku tatu? Nimekata ile myepesi yote, sasa niko kwenye mizito."

Akainua mmoja. Ulikuwa msuli kweli, ile nguo ya wanaume ya kujifunga kiunoni wakiwa nyumbani, ila huu uliishia pale ambapo heshima ya mtu huanzia.

"Mbona mifupi hivi?"

"Si imeandikwa ya mapaja? Mimi nilidhani ni timu ya mpira."

Mama Pindo alicheka hadi akaketi sakafuni. Alipotaka kuinuka ilibidi ainuliwe tena, na kicheko kikaisha hapo hapo.

Hakuna mwanamume aliyekubali kuvaa misuli ile, hata kwa kupewa bure. Basi Mama Pindo alifunga mitano myepesi iwe furushi, akalikumbatia kifuani, akaketi kwenye kiti cha meza ya kukatia na kuinuka. Mara kumi, pumzika, mara kumi tena, mpaka mikupuo mitatu. Siku tatu kwa wiki, na kila furushi lilipoanza kuonekana jepesi aliongeza msuli mmoja. Vifungo alihesabu, bila huruma.

"Saba. Saba. Saba."

"Saba umeshaitaja."

"Zile mbili umedanganya. Makalio hayakugusa kiti."

"Unachungulia makalio ya dada yako?"

"Yamejaa chumba, nitatazama wapi?"

Mwezi wa kwanza hakuona mabadiliko ila hasira. Mwezi wa tatu alipanda ngazi za benki, na alipofika juu ndipo akagundua kuwa hakushika chuma cha pembeni. Hakumwambia mtu.

Kwaya ikaja, ikapanga mstari mpaka barazani. Mama Pindo akatia pini mdomoni, akaanza. Mpaka wa kumi na mbili alikuwa anainuka kama msichana. Kwa mwimbaji wa kumi na nane mapaja yalianza kutetemeka. Kwa wa kumi na tisa alifika katikati, akasimama hapo hapo, hashuki wala hapandi, jasho likimchuruzika puani. Vifungo akasogeza kiti. Mama Pindo akatikisa kichwa. Waimbaji wote wakanyamaza, jambo ambalo mwalimu wao alikuwa hajawahi kuliweza.

Akapanda. Polepole, lakini akapanda, mikono yote miwili ikiwa na futi ya kupimia, haijagusa goti la mtu.

Akatema pini.

"Hao watatu waliobaki waje kesho," akasema. "Leo mapaja yamefunga ofisi."

"Umeinuka kumi na tisa," Vifungo akasema. "Tulisema ishirini na wawili."

"Tulisema nikishindwa kuinuka. Nimeshindwa wapi?"

Vifungo akachukua sindano na uzi wake, akarudi peke yake kwenye meza ya vifungo.