Nilikariri mgao wa mbuzi kwa app, kidari cha baba mkubwa kikapangiwa Machi

Wakuu, heshima zenu. Haya yametokea Desemba iliyopita nyumbani kwetu migombani, mbele ya watu kama thelathini. Sijaongeza chumvi, na palipo na aibu yangu nimeiacha ilivyo.

Naishi Njoro, Moshi mjini, nina steshenari. Wazazi wako juu mlimani. Baba na kaka yake, yaani baba mkubwa wangu, walikuwa hawasemeshani kwa miaka sita. Chanzo ni zamu ya maji ya mfongo, ule mfereji unaopita kwenye vihamba vyetu, yaani mashamba ya ukoo.

Nyumba zao zimetenganishwa na mistari minne ya kahawa. Ila salamu zilikuwa zinapitia kwa shangazi, dada yao, tena kwa simu.

Mwaka jana baba akapata kiharusi. Alipopata nafuu akatuma jani la isale kwa kaka yake. Kwa msio wa huku: ukipelekewa isale umeombwa msamaha, na kulikataa ni jambo zito.

Baba mkubwa akalipokea. Akasema atakuja siku ya mbuzi wa Krismasi, aone.

Hilo "aone" ndilo lililoninyima raha.

Kwetu mbuzi hagawiwi hovyo. Kila kipande kina mwenyewe, na ukimpa mtu kipande cha mwingine ni kama umemwambia hayumo kwenye ukoo. Miaka yote mgawaji alikuwa baba. Sasa mkono wake wa kulia unatetemeka, kazi ikaniangukia mimi mtoto wa kwanza, niliyekuwa najua kipande kimoja tu: changu.

Shangazi akanitajia mgao wote. Vipande ishirini na tatu.

Sasa, nina app ya notes niliyoitumia kusomea mtihani wa bodi. Unaandika mstari, kushoto swali, kulia jibu, yenyewe inaugeuza kuwa flash card. Ukishajibu kichwani unabonyeza Hard au Easy. Ukibonyeza Hard, kadi inarudi kesho. Ukibonyeza Easy, inasogezwa mbele: siku nne, wiki mbili, miezi. Wazo ni kwamba usipoteze muda na unachokijua.

Nikaingiza mbuzi mzima.

Nilikariri wiki tano. Siku moja mteja aliniuliza kama natoa kopi za rangi, nikamjibu, "Figo ya kushoto, baba mdogo." Akachukua cheti chake taratibu akaenda duka la jirani.

Hiyo figo ilinitesa. Kila siku naipa mtu mwingine, kila siku nabonyeza Hard. Kidari hakikunisumbua hata mara moja. Kidari ni cha baba mkubwa, nani asiyejua? Easy. Easy tena. Kikapotea machoni.

Siku ikafika. Mbuzi alitoka Kahe, mnene. Baba mkubwa alikuja na fimbo yake, akaketi upande wa pili wa uwanja, mbali na baba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia akiwa anamwangalia mbuzi.

Nyama zikapangwa juu ya majani ya mgomba, nikaanza kuita. Shingo, ulimi, mbavu. Figo ya kushoto niliitoa bila kusita, baba mdogo akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Nikanyanyua kidari.

Wakuu, kichwa kikawa cheupe. Nimekishika kidari mkononi, kizito, na sijui ni cha nani. Baba ananiangalia mimi, kisha anamwangalia kaka yake.

Nikatoa simu. Haikutambua kidole kwa sababu ya mafuta. Shangazi akaja na kata ya maji, akaniosha kidole kama mtoto. App ikafunguka ikaandika: Hongera, umemaliza kadi zote za leo.

Nikaitafuta kadi yenyewe. Shangazi, akiwa begani kwangu, akaisoma kwa sauti ile ya kusomea matangazo ya kanisani: "Kidari, baba mkubwa. Kuulizwa tena, Machi."

Baba mkubwa akasimama.

"Mimi nimepelekwa Machi?"

Nikaanza kueleza nikiwa bado nimeshika kidari. Kwamba ninayemjua sana app inamficha, ninayemkosea inamleta kila siku.

"Huyu wa figo anakuja kila siku?"

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Kwa sababu unamkosea."

"Ndiyo."

Akaokota kofia yake. Nilijua anaondoka, na akiondoka, isale nalo limekwisha. Hapo baba, ambaye tangu augue maneno yanamtoka moja moja, akasema:

"Kaka. Hata mimi nilikuweka Machi."

Baba mkubwa akairudisha kofia kitini. Kisha akanigeukia mimi.

"Nitoe huko. Niweke na hao wanaokosewa."

Nikabonyeza Hard mbele yake. Alitaka aione kwa macho, ikabidi aazime miwani ya baba, na ili aazime ilibidi avuke uwanja. Akiwa kule akaketi, akasema aletewe kidari chake.

Fujo ikaanza baada ya hapo. Ukoo mzima ulipanga foleni kutaka Hard. Shangazi alikagua kadi yake mara mbili. Baba mdogo alitamba kwamba yeye alikuwa huko tangu mwanzo.

Nilichojifunza: kukariri kwa app kunafaa sana, ila kabla ya siku yenyewe pitieni kadi zote, hasa za mnaodhani mnawajua.

Karibuni mtoe maoni. Na wa huku mniambie, kwenu kidari ni cha nani?

Mimi sasa kadi ishirini na tatu zinanijia kila asubuhi, na kila asubuhi napigiwa simu kuulizwa kama nimeshaulizwa kidari. Namba ni ya baba. Sauti ni ya baba mkubwa, na nyuma yake vikombe vya chai vinagongana.