Injini ya Mama Ndani ya Gari la Baba

Walipooana, baba alimwahidi mama mambo mawili: kwamba hataoa mke wa pili, na kwamba atampeleka Mpika kwa gari lake mwenyewe. La kwanza alilitimiza bila shida. Mpika ni ng'ambo, upande wa Zambia, ambako dada yake mama aliolewa akabaki hukohuko. Mama angeweza kwenda kwa basi, na alikwisha kwenda hivyo mara mbili. Lakini hakuahidiwa basi.

Gari lenyewe lilikuwa kigari cheupe cha milango miwili, kilichotengenezwa kabla mimi sijazaliwa. Kilikuwa chepesi kiasi kwamba kikizama kwenye tope, wanaume wanne walikinyanyua na kukiweka pakavu huku wakiendelea na mazungumzo yao. Injini yake ya petroli ilikufa taratibu, kwa adabu. Baba, ambaye ni fundi mstaafu, aliihangaikia mpaka siku moja akafunga boneti na asiifungue tena kwa miaka. Kuku wakahamia kiti cha nyuma.

Mama naye alikuwa na mashine ya kusaga hapo nyumbani Itaka, iliyozungushwa na injini ya dizeli ya silinda moja. Ndiyo iliyonisomesha. Umeme ulipofika, zikaja mashine za umeme, na wateja wakahama mmojammoja, huku wakiendelea kumsalimia mama kwa heshima zote. Mama akaifunika injini yake kwa turubai. Aliyekasirika ni mimi, na mpaka leo wapo wanawake pale kijijini ninaowasalimia shingo upande.

Baba alilizunguka lile turubai siku mbili kabla ya kufungua mdomo.

“Mama watoto,” alisema tukiwa kwenye chai, “ile injini yako haina kazi.”

“Na gari lako je?”

“Ndilo ninalolizungumzia.”

Mama akamaliza chai yake kwanza. “Chukua. Lakini safari ya kwanza ni Mpika. Si sokoni, si msibani. Mpika.”

Mimi nafundisha hesabu Vwawa, na nilikuwa nimekuja likizo. Nilimwambia baba kwamba injini ile ilitengenezwa ili ikae juu ya zege. Akanijibu kwamba hata mimi nilizaliwa ili nikae Itaka. Baada ya hapo nikawa namshikia spana.

Alikata, akachomelea, akaunganisha injini na giaboksi kwa mikanda miwili. Boneti haikufunga tena, kwa hiyo akaiondoa kabisa. Pua ya gari ililala chini kama ng'ombe anayekunywa maji, akaiongezea springi. Siku ya kwanza ya kuwasha, kioo cha pembeni kilianguka. Siku ya pili kikaanguka cha upande wa pili. Mlango wa abiria ulikuwa ukijifungua wenyewe, baba akaufunga kwa kamba ya katani na kusema gari sasa limekamilika.

Tuliondoka alfajiri. Mama alivaa nguo zake za kanisani na kupakata kikapu cha karanga na maharage ya kumpelekea dada yake. Mimi nilikaa nyuma, palipokuwa pa kuku. Bodaboda zilitupita zimebeba mbuzi, na nina uhakika mmoja wa wale mbuzi alinitazama kwa kunionea huruma. Tulifika Tunduma mchana, tukapita kando ya msururu wa malori, na madereva wakashuka kutuangalia. Baba aliwapungia mkono. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Ofisa wa mpakani alikuwa kijana mpole.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

Akatazama kadi ya gari, akatazama injini, akarudi kwenye kadi. “Mzee, kadi inasema petroli.”

“Ilikuwa inasema kweli.”

“Sasa hii ni injini ya nini?”

Baba yangu hajui kusema uongo. Huo ndio ugonjwa wake. “Ya kusagia mahindi,” akajibu.

Kijana hakucheka, na kwa hilo namheshimu. Alieleza polepole kwamba gari na kadi yake havilingani, na kwamba hawezi kuliruhusu livuke. “Lakini mama na karatasi zake anaweza kuvuka. Mabasi yapo hapo mbele.”

Sote tukamgeukia mama. Alikuwa ameshika kikapu kwa mikono miwili.

“Sikuja kupanda basi,” alisema.

Njia nzima ya kurudi hakuna aliyezungumza isipokuwa injini. Baba alikuwa ameaibika, na nilimhurumia hadi nikashindwa kuitazama hata shingo yake. Tulipita Isansa, ambako umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Mlio wetu ulitangulia mbele, na tulipofika tukakuta wanawake wamesimama kando ya barabara na ndoo za mahindi vichwani.

“Mama, mnasagia wapi?” mmoja akauliza.

Mama alizitazama zile ndoo moja baada ya nyingine. Zilikuwa saba.

Nyumbani, kabla hajavua kitenge, alimwambia baba: “Naitaka injini yangu.”

“Nimechomelea kila kitu. Kuitoa ni kazi ya mwezi mzima.”

“Basi ilete na gari lake.”

Baba akarudisha gari kinyumenyume mpaka mlangoni kwa kinu cha ile mashine ya kusaga, akalizuia kwa mawe, akapiga jeki, akatoa tairi moja la nyuma na kufunga mkanda kutoka pale hadi kwenye kinu. Kikazunguka. Tangu hapo, umeme ukikatika Itaka, watu hupanga foleni kwa mama, naye baba huketi kwenye usukani kutwa nzima, mguu kwenye mafuta, akiangalia mbele. Na kwa kuwa giaboksi inazunguka, kilomita za kwenye dashibodi zinapanda.

Baba ndiye aliyeligundua hilo. Jioni ya kwanza alizihesabu zile kilomita, akasema, “Leo tumefika Tunduma.” Mama aliendelea kufagia pumba. Siku nyingine baba akasema wamevuka mpaka.

“Hawakutukagua?” mama akauliza.

“Hawakutukagua.”

Wakapita njia panda ya Chinsali, huko Zambia, wiki ya mvua kubwa. Nilidhani ni utani wa wazee, nikacheka, na mama akanitazama mpaka nikanyamaza.

Siku moja ya likizo nilikuwa napokea ndoo wakati baba alipopiga honi. Mama akaomba wateja wasubiri. Akanawa mikono, akafungua ile kamba ya katani, akaketi kiti cha mbele.

“Tumefika?”

“Tumefika.”

“Basi, zima.”

Baba akakata mafuta. Kukawa kimya hadi masikio yakauma. Mama akatoa simu, akampigia dada yake na kumwambia, “Dada, nimefika.”

“Umefika? Uko wapi?”

“Niko kwenye gari la shemeji yako.”

Dada yake anajua habari yote ya lile gari, ameisikia miaka arobaini. Tukamsikia sote: “Karibu, mdogo wangu. Pita ndani.”

Mama akainama, akakung'uta unga kwenye viatu vyake.