Nilimpeleka mke wangu opera Sydney kipindi cha Covid, akanyanyuka kwenda kumtunza mwimbaji

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Hii si chai. Yote nitakayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, na shahidi yuko hapa sebuleni anapiga pasi. Nikitia chumvi atanisuta mbele ya watoto, kwa hiyo nitaandika kwa adabu.

Mods, naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la mahusiano. Huu ni uzi wa muziki. Kwa kiasi chake.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mtanzania, naishi Parramatta, magharibi ya Sydney, na naendesha forklift kwenye ghala moja kule St Marys. Ukinikuta na kile kikoti cha njano kinachong'aa huwezi kudhani, lakini mimi ni mgonjwa wa okestra. Opera ndiyo kabisaaa.

Ugonjwa nilitoka nao nyumbani. Nilikuwa naimba besi kwenye kwaya ya Kilutheri, ile ya kusoma nota za do re mi ubaoni, mwalimu amesimama na fimbo. Nilipofika huku, Jumapili moja nilikimbia mvua nikajikuta kwenye ukumbi wenye tamasha la bure. Watu kama themanini wamevaa nyeusi, kila mmoja na chombo chake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa nje ya mstari. Mvua iliisha mimi nimo ndani.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo starehe yangu. Wenzangu kazini wana footy, ule mpira wa huku, wana bia, mimi nina Jumapili zangu mbili kwa mwezi, suti nimepiga pasi, natoka.

Shida ilikuwa nyumbani.

Mke wangu, Mama Lulu, ni mtu wa Tanga. Amekulia kwa bibi yake, na nyumba ya bibi ilipakana ukuta na ukumbi wa taarabu. Kwake muziki usiokunyanyua kwenye kiti ni hotuba.

Halafu si mnajua sisi tulivyolelewa na redio. Ukisikia vyombo vitupu vinalia taratibu, hakuna mtangazaji, unajua kuna mkubwa ametangulia. Basi kila nikiweka okestra yangu sebuleni, Mama Lulu anachungulia kutoka jikoni.

"Nani kafa?"

Miaka mitatu, wakuu. Kila Jumamosi asubuhi. Nani kafa.

Na binti yetu Lulu, ambaye Kiswahili anakielewa chote ila anajibu anavyotaka yeye: "Dad, it's giving funeral." Yaani imekaa kimsiba msiba.

Nilikuwa nacheka nao, lakini nisiwadanganye, roho iliniuma. Unakaa kwenye kitu kizuri hadi machozi yanakulenga, ukigeuka pembeni kuna mzee wa Kizungu usiyemjua. Nilitaka nikigeuka nimkute mke wangu. Hilo tu.

Ikaja 2020. Kumbi zikafungwa zote. Mimi ghalani niliendelea, watu hawakuacha kununua toilet paper. Mama Lulu anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee upande wa Fairfield, kila siku pua inachokonolewa kabla ya shift. Safari tuliyopanga kwenda kumwona mama yake Tanga ikafa, mipaka imefungwa, na hakuna aliyejua itafunguliwa lini.

Ndani ya nyumba ndogo, mimi na miziki yangu, yeye na mawazo yake. Tukagombana. Baada ya ugomvi tukawekeana mkataba.

Kumbi zikifunguliwa, atakwenda na mimi mara moja. Akipenda, sawa. Akiboreka, nisimwambie tena maisha yake yote, na zile Jumapili zangu zirudi nyumbani.

Nikakubali. Moyoni nilishajua nimeingia mkenge.

Mwanzoni mwa 2021 wakafungua. Nikachukua opera, ndani ya lile jumba la mapaa meupe mnaloliona kwenye kalenda. Nikasema kama ni kushindwa, nishindwe kifahari.

Tulipanda treni mchana. Mama Lulu alitoka amependeza, gauni refu, barakoa ya kitenge ya kushona mwenyewe, na mkoba wenye ukubwa wa begi la safari. Sikuuliza kuna nini ndani. Baada ya miaka kumi na minne ya ndoa haulizwi mtu mkoba.

Njiani nikampa semina. Usipige makofi mpaka uone wengine wanapiga. Usikohoe, na kipindi kile ukikohoa ilikuwa kama umefyatua bunduki. Usiongee. Usifungue pipi.

Akanisikiliza hadi mwisho, kisha: "Baba Lulu, tunakwenda kwenye muziki au tunakwenda benki?"

Getini tukascan ile code ya kujiandikisha ya Covid, tukapaka vitakasa mikono, tukakaa. Kati ya familia na familia wameacha kiti kitupu. Ilikuwa Kiitaliano, maneno ya Kiingereza yanapita kwenye kibao juu ya jukwaa.

Nusu saa ya kwanza mimi sikutazama jukwaa hata kidogo. Nilikuwa namtazama yeye. Macho yako wazi. Halali. Hapigi miayo, ingawa kwa ile barakoa sikuwa na uhakika.

Kikafika kipande ambacho mwanamke amebaki peke yake jukwaani, anasubiri barua kutoka kwa watu wake wa mbali, na haiji. Anaimba polepole, sauti inapanda, inashuka, inapanda tena.

Nikaona barakoa ya Mama Lulu imelowa.

Wakuu, nilifurahi kama nimeshinda bahati nasibu. Nikasema kimoyomoyo, kwisha habari yake.

Yule mama alipomaliza, ukumbi ukalipuka makofi. Mimi nikapiga makofi yangu ya kistaarabu, ya ncha za vidole. Nikageuka nimtazame mwenzangu.

Kiti kitupu.

Mama Lulu yuko kwenye njia ya katikati anateremka. Mnaoujua mwendo wa kwenda kutunza mnauelewa: hatua ndogo ndogo, bega linacheza, mkono mmoja juu. Na kwenye ule mkono, kanga. Imetoka kwenye mkoba. Alikuwa anakwenda kumtunza mwimbaji.



Kwetu hilo ni jambo la kawaida kabisa. Mwimbaji akikugusa unainuka unamtunza, wengine fedha, wengine kanga, na ukikaa tu kama gogo ndiyo dharau. Lakini hapa ni Sydney, ni opera, ni Covid, na mstari wa mbele kuna bibi wa Kizungu ameshika lulu zake za shingoni.

Mhudumu wa ukumbi, mzee mmoja mwenye mvi, akamuwahi kabla hajafika mbele. Na mimi nikawa nimemfikia. Nikamshika mkono.

Nikasema maneno ambayo nayajutia hadi leo.

"Rudi ukae chini. Unaniaibisha."

Mkono uliokuwa juu ukashuka.  Akamgeukia yule mzee, akamwambia kwa Kiingereza taratibu kwamba ni zawadi ya yule dada, kwa sababu ameimba vizuri. Mzee akaiangalia, akauliza maandishi yanasemaje.

Imeandikwa: WEMA WAKO SITAUSAHAU.

Mama Lulu akamtafsiria. Yule mzee akaipokea kwa mikono miwili. Kisha akasema kwa sheria za wakati ule waimbaji hawakabidhiwi kitu mkononi, ila ataitia kwenye mfuko, ikae siku tatu, halafu ataifikisha.

Kwa hiyo naam, hata kanga iliwekwa karantini.

Tukarudi kukaa. Iliyobaki yote aliitazama mikono iko mapajani, ametulia, hakupiga kofi hata moja. Alifuata semina yangu neno kwa neno.

Kwenye treni nikamuuliza, kwa hiyo umependa au umeboreka? Akatazama dirishani hadi tumefika.

Nyumbani ndipo nikaona kabatini. Ile kanga ilikuwa kipande kimoja cha doti aliyotumiwa na mama yake kabla mipaka haijafungwa. Kimebaki cha pili.

Nilijiona mdogo sana, wakuu. Mimi ndiye mpenzi wa muziki, miaka yote ile, na sijawahi kumpa mwimbaji hata jani. Yeye siku moja tu ametoa kanga ya mama yake, nami nikamkemea kwa ajili ya bibi wa lulu ambaye simjui hata jina.

Nilitaka kuomba radhi, nikawa naahirisha. Wanaume mnanielewa.

Katikati ya mwaka ikaja lockdown nyingine, na huku magharibi walitubana kweli kweli. Mimi nikawa nasikiliza kwa earphone tu. Hakuna tena aliyeuliza nani kafa, na niliikumbuka ile kejeli kuliko nilivyotegemea.

Asubuhi moja naingia jikoni, yuko kwenye pasi, anaimba wimbo kwa puani. Nikasimama mlangoni. Ni ule wimbo wa yule mama wa barua! Kautwaa wote, na mapambo ya kitaarabu ameuongezea.

 Nikaingia na besi, pole pole, ile ya kwaya.

Hakugeuka, ila hakunyamaza. Tukafika nao mwisho.

Nikamwambia, "Mama Lulu, nisamehe kwa siku ile. Aibu ilikuwa yangu, nikakubebesha wewe."

Akageuza shati. "Umechelewa, lakini umefika."

Nikamuuliza, ulitoa vipi kanga ya mama?

"Ukitoa kitu usichokipenda hujatunza, umepunguza mizigo kabatini. Yule dada aliimba habari za mama yangu."

Na unadhani ilimfikia?

"Mtu akitunza hasubiri risiti."

Sasa sikilizeni mwisho wake.

Mwaka 2022 mwanzoni tukarudi, safari hii okestra, na barakoa zetu. Aliyekata tiketi ni yeye. Alijifunga mabegani kile kipande cha kanga kilichobaki, mkoba akauacha nyumbani.

Mwisho wa kipande cha mwisho tarumbeta zilipiga kitu, ngoma kubwa zikajibu, besi nyuma zinanguruma, na ndani ya kifua changu kitu kikakatika. Sikufikiri. Nikajikuta nimesimama peke yangu, mikono yote juu, natoa "EEEEEEH!" ya besi iliyofika hadi kwa mpiga ngoma. Ukumbi mzima ukageuka.

Nikahisi koti linavutwa kwa chini.

"Kaa chini, Baba Lulu," akasema. "Unaniaibisha."

Nikamtazama. Mabega yanatetemeka, macho yamejaa machozi ya kicheko. Kisha akavua kile kipande cha mwisho cha kanga, akanitupia mimi shingoni.

Nimetunzwa na mke wangu mbele ya okestra nzima, wakuu. Nilikaa chini nikalia kama mtoto.

Nilichojifunza: ukitaka mwenzako apende unachopenda, mwache akipende kwa namna yake. Mimi nilijua sheria zote za ukumbi, yeye alijua muziki ni wa nini.

Na ile kanga sijairudisha. Ninavyoandika hapa iko shingoni, shahidi ameiona, na pasi ameizima ili anisomee maoni yenu.

Karibuni. Wewe ulimwonea aibu nani wako mbele za watu, na ulimrudia vipi? Na kuna mwingine humu wa okestra, au niko peke yangu?