Picha ya Ng'ombe wa Masieda

Siku ya kwanza kazini niliripoti Gendabi, kule Hanang, nikiwa na cheti cha mifugo na buti mpya zilizonibana. Afisa Mifugo wa Wilaya, mzee mmoja asiyecheka ovyo, alinipeleka moja kwa moja kwenye josho, lile handaki la maji ya dawa ambamo ng'ombe huogeshwa ili kupe wafe.

"Kijana, yule wa tatu ana nini?" aliniuliza.

Sikuwa nimeona kitu.

"Masikio yameanguka. Ana homa. Sikiliza: usimsemee ng'ombe ambaye hujamshika."

Nilifanya kazi kwa maneno hayo maisha yangu yote. Nilishika tezi chini ya masikio kutafuta ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, na nilipima joto la kila mnyama niliyeitiwa. Gendabi nilitembea kwa baiskeli. Nilipohamishiwa Mbulu mjini nilipewa pikipiki, na kituo changu cha mwisho kikawa kata ya Masieda.

Nikiwa huko tulipata mkuu mpya wa idara, mama aliyetoka mkoa mwingine, umri wa binti yangu. Alitaka kila kata iwe na grupu la watsapu la wafugaji.

"Shikamoo, mzee. Nasikia kwako bado."

"Marahaba. Mama, ng'ombe hatibiwi kwa picha."

"Sijasema utibu kwa picha. Nimesema upate habari mapema."

Nilifungua grupu kwa sababu niliagizwa. Ndani ya wiki moja lilijaa salamu za asubuhi, picha za kipaimara na matangazo ya mbegu za viazi. Nikazima mlio wake. Mwenye shida ya kweli, nilijiambia, atanipigia au atakuja.

Msimu wa mvua uliofuata niliitwa kikaoni Mbulu. Mchana, wenzangu wakinywa chai, nilifungua simu kutazama saa na nikaona grupu lina ujumbe mwingi kuliko kawaida. Mama Paskalina, mjane mwenye ng'ombe watatu, alikuwa ametuma picha. Ng'ombe wake alikuwa amelala chini amekufa, tumbo limevimba, damu nyeusi ikitoka puani. Chini yake aliandika: "Bwana Mifugo, jana jioni alikula vizuri. Leo tumemkuta hivi. Majirani wanasema tugawane nyama. Tufanye nini?"

Sikuhitaji kumshika yule. Mnyama akifa ghafla, na damu ikatoka bila kuganda, kwanza fikiria kimeta. Ukimpasua, vimelea vinasambaa na kubaki kwenye udongo miaka mingi. Mtu akila nyama hiyo anaweza kufa.

Nilipiga simu ya Mama Paskalina, haikupatikana. Kuandika kwa kidole kimoja kungenichelewesha, basi nilibonyeza kile kipaza sauti na kusema kama ninayehutubia mkutano wa kijiji: "Ni mimi, Bwana Mifugo. Acheni visu! Asiguse mtu! Nyama isiingie nyumba yoyote!" Nikarudia kwa Kiiraqw, ili na wazee waelewe.

Jibu la kwanza lilitoka kwa mwalimu wa shule ya jirani: "Nimekimbia na simu, nimewasikilizisha. Wameacha. Lakini Baba Emanueli alishaanza kuchuna."

Hapo ndipo nilipotazama saa ya ile picha. Ilikuwa imetumwa asubuhi, kabla hata kikao hakijaanza.

Nilimwagiza Baba Emanueli anawe kwa sabuni na aende zahanati siku hiyo hiyo. Barabara ilikuwa tope tupu; nilifika kesho yake. Nilichukua damu kwenye kioo kwa ajili ya maabara, tukachimba shimo refu, tukamzika ng'ombe na chokaa, kisha nikachanja waliobaki. Maabara walithibitisha kimeta. Hakuna aliyekula. Baba Emanueli alitoka kidonda cheusi mkononi, akatibiwa, akapona.

Nilirudisha mlio wa grupu. Salamu za asubuhi nilizizoea, na baadaye nikaanza kuzijibu. Mkuu wa idara nilimweleza yote. Alisema tu, "Asante kwa kuniambia, mzee," akaendelea kuandika.

Baba Emanueli sikumwambia. Nilikaa nalo mpaka wiki niliyostaafu, nilipokwenda kwake kuaga. Tulikaa nje, akanimiminia togwa kwa mkono ule wenye kovu.

"Ile picha ilitumwa asubuhi," nilisema. "Nilikuwa nimezima mlio kwa makusudi. Nisingeuzima, usingepatwa na ugonjwa ule."

Alitazama shamba lake la mahindi.

"Bwana Mifugo," alisema, "Mama Paskalina alinikataza. Alisema tungoje jibu lako. Mimi ndiye niliyemwambia, huyo mzee hajibugi."