Fundi wa Kola Arudishwa Dirishani

Alikuwa na miaka kumi na tisa, na kwenye karakana yetu ya sare tulimwita Kola, maana hakuna aliyeshona kola zikalala kama zake. Alikaa dirishani, upande wa wateja, mpaka mabaka meupe yalipomtoka mikononi. Hospitali walimwambia hayaambukizi. Tajiri akamhamishia stoo, yeye na cherehani yake.

"Si kwa ubaya, binti. Wateja wana macho."

Miezi mitatu alikula peke yake juu ya marobota. Nikiingia stoo kunyonyesha, namkuta anaibembeleza cherehani: "Haya bibi, usinikatie uzi leo." Siku moja akaniuliza, "Dada, hivi hakuna sheria?" Sikujua. Akaenda mwenyewe kwa afisa wa kazi, akarudi na barua: kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ngozi yake ni kosa, arudishwe mahali pake.

Jumatatu tajiri mwenyewe aliibeba cherehani mpaka dirishani.

Kwetu shati hupita mkono kwa mkono. Wa mabega akimaliza humpa wa kola, mpaka linanifikia mimi wa vifungo. Wa mabega ni mama mtu mzima, tunamwita Shangazi. Asubuhi ile aliweka kigoda kati yake na Kola, akawa anatupia mashati hapo badala ya kumpa mkononi.

"Shangazi, kigoda cha nini?" Kola akauliza.

"Miguu inaniuma, mwanangu."

"Mbona kimekaliwa na mashati?"

Watu wakacheka kidogo, wakainamia kazi. Nami niliinama.

Wiki nzima ikawa hivyo. Kola akarudi kwa afisa. Alinisimulia alichojibiwa: "Barua yangu inaishia kwenye kiti chako, binti. Kigoda cha mwenzako siwezi kukiandikia."

Kesho yake Shangazi alipotupa shati, Kola hakuliokota. Alinyoosha mkono, akangoja. Likaja la pili, la tano. Huku mwisho tukakaa mikono mapajani.

"Nani kalala huko?" msimamizi akauliza.

"Niko macho," Kola akasema. "Nangoja kazi yangu."

Mkono hakuushusha. Shangazi akatazama mlango, akatazama dirisha. Mwisho akachukua shati la juu, akalishika ncha kwa vidole viwili, akamnyooshea.

"Asante, Shangazi."

Shangazi akavuta shati jingine. Kola akashona, akakata uzi, akanyoosha mkono tena.